Ulimi wa Mpishi

Siku tuliyomzika, mchungaji alisoma jina lake lote, majina matatu, na nusu ya watu waliokuwa makaburini wakatazamana. Mzee mmoja, ambaye alianza kunywa kwake akiwa kijana wa kupakia mizigo stesheni, aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini, "Kwani tunazika nani?"

"Mpishi," nikamwambia.

Akavua kofia. Mpaka dakika hiyo alidhani amekosea kaburi.

Jina hilo sitaliandika hapa. Mtaani kwetu, nyuma ya reli, hatukulitumia, kwa sababu jina lilikuwa kitu cha kutafutwa nacho. Askari walikuja wakiuliza fulani anakaa wapi, na watoto walijibu ukweli mtupu kwamba hawamjui. Walimjua Mpishi. Alipika busaa, ile pombe nzito ya mahindi na wimbi ambayo wazee wetu waliokuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli walikuja nayo Nakuru kama walivyokuja na nyimbo zao za kanisa.

Mtu mwingine aliyekuja mazishini bila kujulikana na wengi ni msichana mmoja wa Lanet, pembezoni mwa mji. Alikuwa na gunia la wimbi nyuma ya gari. Yeye na Mpishi walikuwa wakutane wiki ile ile. Baada ya mazishi gunia lilirudi Lanet kama lilivyokuja. Lilichelewa kwa sababu yangu, na ndiyo maana naandika.

Isipokuwa siku moja, sikumbuki kumwona Mpishi ameketi, na nilikuwa jirani yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Alitembea kutoka kwenye karai la unga uliochachuka mpaka kwenye bati la moto, ambapo unga ule ulikaangwa hadi ukawa kahawia na kichochoro kizima kikanuka kama mkate. Kutoka kwenye bati alienda kwenye magunia yenye maji alikootesha wimbi. Alifunua, akagusa vichipukizi kwa mgongo wa kidole, akafunika. Wimbi ukishaota, ukakaushwa na kusagwa, ndio kimea, na bila kimea unga wako utabaki uji hata uukoroge mwaka mzima. Kisha alitoka nje, akatazama kona ya huku na kona ya kule, akarudi, akaanza upya. Hata kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, akisingizia mgongo. Mgongo wake haukuwa na neno. Alikuwa amezoea kuujua mlango uko wapi.

Hakuwahi kuhama mtaa, lakini alihama nyumba mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Mwenye nyumba akiogopa, Mpishi alipakia pipa kwenye mkokoteni na kulifunika kwa nguo chafu mpaka juu. "Hakuna askari anataka kushika soksi ya mtu," alisema. Asubuhi iliyofuata moshi ulitokea mlango mwingine, na wateja waliufuata.

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja, na alikisema mara nyingi hadi watoto wakamwigiza. "Mimi nataka kupika saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi. Mtu apite aniulize, Mpishi, umeamkaje? Nimjibu, nimeamka vizuri, pita. Basi. Sitaki gari." Alipoolewa aliikuta hali hiyo. Mama mkwe wake alipika katika kilabu cha wafanyakazi wa reli, chenye kibali kilichotundikwa ukutani ndani ya kioo kama picha ya harusi. Kisha vilabu vilifungwa, kibali kikawa karatasi, na kazi ile ile, kwa mikono ile ile, ikawa makosa. Kioo alikihifadhi. Katika kila nyumba aliyohamia alikitundika ukutani bila kitu ndani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema ukuta bila kioo unamtisha.

Na mpishi huyu hakupenda walevi. Jambo hilo wengi hawakulielewa. Kwake ulipata vikombe viwili, na ukiomba cha tatu ulisikia maneno. "Kikombe cha tatu unataka kunioa, cha nne unataka kunipiga. Nenda kwa bibi yako ukiwa bado unamtambua." Waliozoea walicheka na kwenda. Wageni walibisha.

"Mathe, si pesa ni yangu?"

"Pesa ni yako, boss. Pombe ni yangu. Na mlango ni ule."

Mume wangu alikuwa mmoja wa waliobisha. Siku moja alikuja kwake akiwa ameshakunywa mahali pengine, naye Mpishi akamnyima hata kikombe cha kwanza. Mume wangu akaenda mbele, kwa watu waliouza kitu cheupe kwenye chupa za plastiki ambacho hakuna aliyejua kilitoka wapi. Alirudi nyumbani saa tisa mchana akiniambia niwashe taa. Hakumaliza siku mbili.

Mpishi alikuja kwenye matanga. Aliosha sufuria zote, na za majirani pia, akaenda bila kuniangalia usoni. Sikumlaumu. Ukweli ni kwamba hata mimi ningemnyima. Lakini sikumwambia hivyo, naye hakuniuliza, na kimya hicho tuliishi nacho kama watu wanavyoishi na ufa wa ukuta, unaupaka rangi na bado unajua uko wapi.

Sasa niseme kuhusu kuonja. Kwake pombe haikuuzwa mpaka aliyeipika aijaribu mbele ya watu. Alisimama mlangoni na kikombe cha kwanza. Akanusa. Akaweka kidogo kwenye ncha ya ulimi, akakizungusha mdomoni, akafumba macho, na hata walioshikwa na kiu walinyamaza. Kisha akameza polepole na kusema, "Imekubali." Hapo ndipo vikombe vilipita. Kama haikukubali aliimwaga mtaro wa nyuma, pipa zima, na siku hiyo watoto wake walikula ugali na chumvi. Nilishuhudia mara mbili. Mzee mmoja alimsihi, "Mpishi, sisi si wazungu, tutakunywa tu hivyo hivyo." Akamjibu, "Nyinyi mtakunywa. Mimi ndiye sitalala."

Kuonja kwake kulianzia kwenye maji. Maji ya mfereji wa mji ni matamu, lakini yakipotea, na hupotea, wauza maji huja na mitungi ya maji ya kisima. Visima vingi vya huku kwetu vina magadi. Mahindi ukiyachemsha kwa maji hayo yanalainika vizuri, lakini busaa haiyataki. Inapoteza uchachu wake na kubaki na ladha kama ya sabuni. Wala pua haikusaidii. Ni ulimi tu unaojua.

Halafu sukari ikamshika. Dawa alizopewa zilimwachia mdomoni ladha ya msumari, na kila alichokula, nyama, chai, machungwa, kilikuwa msumari. Daktari akamkataza pombe kabisa, lakini hilo halikumsumbua, maana hakuwa mnywaji. Kilichomsumbua ni kwamba hakuweza tena kusimama mlangoni na kusema neno lake. Alipika mara moja akamwaga, si kwa sababu ilikuwa mbaya, bali kwa sababu hakujua.

Asubuhi moja alinikuta nikifua nje. "Mama Nekesa, wewe unakunywa?"

"Tangu mume wangu afe, hapana."

"Vizuri. Ulimi wako ni safi. Njoo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa ulimi wake. Alinifundisha kwa kunigombeza. "Mbona unameza haraka? Unafukuzwa? Anayemeza haraka anaogopa kitakachomwambia." Siku ya kwanza aliniweka mlangoni mbele ya wazee wote akatangaza, "Huyu akisema imekubali, ni mimi nimesema." Niliishia darasa la saba, na kazi yangu tangu hapo ilikuwa kufulia watu nguo. Hakuna mahali popote neno langu lilipokuwa limengojewa na watu kumi na tano walioshika vikombe. Nilipenda siku zile kuliko ninavyopaswa kukubali.

Mji wenyewe ulikuwa unabadilika. Walitutangazia kwamba sasa ni jiji, na siku iliyofuata mfereji haukuwa na maji kama kawaida. Bia ya pipa iliingia kila mtaa, vijana wakanywa kwenye vikombe vya plastiki chini ya televisheni kubwa. Vijiduka vya chupa vilifunguliwa vikatazamana barabarani. Wazee wa Mpishi walipungua, mmoja mmoja, kwa njia ya kawaida ya wazee. Vijana walichungulia tu na kucheka, wakimwita shosho, nyanya yao.

"Shosho, niaje? Hii si pombe, hii ni uji imekasirika!"

"Na wewe ni nini?" akamjibu. "Maziwa imevaa suruali."

Walimpenda kwa matusi hayo, lakini hawakunywa.

Ndipo akaja msichana wa Lanet. Alikuwa amesomea mambo ya vyakula chuo kikuu, na pamoja na wenzake alikodi ghala lililokuwa la mahindi, akaweka mapipa ya chuma yanayong'aa, kila moja refu kuliko mtu. Alipika bia yake mwenyewe, kwa kibali, na watu walitoka hata Nairobi kuja kuinywa wakiwa wamekaa kwenye viti virefu na kuzungumza juu yake kama watu wanavyozungumza juu ya mahubiri. Alikuja kichochoroni kwetu na viatu vyeupe, na jambo la kwanza alilofanya ni kuomba kikombe. Nikaonja, nikasema imekubali, akanywa, akamaliza.

"Shosho, mimi sitaki kukuibia siri," akasema. "Hii kimea yako inashinda ile tunaagiza kutoka nje. Nataka uje unipikie kimea. Kwangu, huko Lanet. Mchana. Na jina lako liandikwe kwa ukuta."

Mpishi akaangalia kona ya huku na kona ya kule. "Mlango unafungwa?"

"Mlango upi?"

"Wa hapo kwako. Mkipika."

"Hapana, shosho. Huwa tunaufungua, watu waone."

Alitupeleka tukaone. Mpishi alizunguka mapipa yale akiyagonga kwa vidole kama mtu anayenunua nyungu. Kwenye kona palikuwa na mfuko wa unga mweupe laini. Akauliza ni wa nini. Msichana akamwambia ni udongo kutoka machimbo ya Kariandusi, unachuja bia ikawa angavu kama chai ya rangi. Mpishi akachukua kidogo kiganjani.

"Marehemu mume wangu alichimba huu. Alikuwa anarudi nyumbani mweupe, nadhani nimeolewa na mzungu. Hakuwahi kuniambia unachuja pombe." Akaupuliza. "Miaka yote hiyo mimi nachuja na gunia, na chujio ililala na mimi kitandani."

Msichana alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kumwona Mpishi mwepesi kama siku hiyo. Njiani kurudi alipanga nani atabaki na pipa lake, na kama kile kioo kitatosha karatasi ya siku hizi.

Kulikuwa na hatua moja iliyobaki. Wenzake yule msichana, wanaume wawili walioweka fedha zao pale, walitaka waje waonje wenyewe kabla ya kukubali. Siku ikapangwa.

Wiki mbili kabla ya hapo nilishikwa na homa. Ilikwenda, lakini ilinichukulia ladha yote. Chai ikawa maji moto, omena wakawa karatasi. Nilingoja irudi. Nilijiambia kesho. Mpishi alipoanza kazi ya siku ile, mfereji ulikuwa mkavu, na muuza maji akaleta mitungi akiapa ni maji ya mji. Mpishi akanipa kikombe. "Onja."

Nilipaswa kusema, Mama, ulimi wangu umekufa, tutafute mwingine. Ni maneno machache. Lakini niliona vile angeniangalia, kisha aite jirani mwingine asimame mlangoni, nami nirudi kwenye karai langu la nguo. Na nilijiambia pia, huyu mtu anaapa, kwa nini maji yawe mabaya leo hii?

"Matamu," nikasema.

Siku wageni walipofika, watu wa mtaa walijaa kichochoro. Wazee watatu waliobaki walivaa makoti. Mpishi alifungua mlango wazi kabisa, kwa mara ya kwanza. Nikasimama na kikombe cha kwanza. Nilinusa, na hata harufu sikuipata. Nikaweka mdomoni. Nilihisi baridi na uzito, basi. Nikameza.

"Imekubali."

Mpishi aliniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akachota, akawapa wageni kwa mikono miwili.

Mwanamume wa kwanza alishika mdomo. Wa pili alitema pembeni, kwa adabu, kwenye kitambaa. Msichana alikunywa, nikaona macho yake yakimtafuta Mpishi. "Ni kama... sabuni," yule wa kwanza akasema, akiomba msamaha kwa kichwa. Mzee mmoja alionja na kurudisha kikombe mezani bila neno, na hilo lilikuwa baya kuliko kutema.

"Leo imenikana," Mpishi akasema. Hakusema maji. Hakusema mimi.

"Tutaongea, shosho," msichana akasema, na wakaenda. Baadaye tulisikia kimea wanakitoa kwingine.

Mpishi alimwaga pipa. Nilimsaidia kulibeba mpaka mtaro wa nyuma, na hata hapo, tukiwa wawili, midomo yetu karibu na masikio, sikusema. Ladha yangu ilirudi baada ya mwezi. Ilirudi asubuhi, kwenye kitunguu, nikalia nikisingizia kitunguu. Mtaani ilisemwa kwamba mkono wa Mpishi umezeeka. Niliyasikia maneno hayo kwenye foleni ya maji, na nilingoja zamu yangu nikiwa nimenyamaza. Hakupika tena sana. Kisha akaacha, na kutembea kwake kukawa ndani ya chumba, kutoka dirishani hadi kitandani, mpaka mguu mmoja ukakataa.

Mara ya mwisho tulipozungumza kwa kirefu, ndiyo siku niliyomwona amekaa. Alikuwa kitandani, mto mgongoni, miguu ndani ya blanketi, na mikono haikutulia, ilikunja na kukunjua ncha ya blanketi kama inayopima vichipukizi. Ilikuwa mchana. Mkaza mwana wake alikuwa jikoni, upande wa pili wa pazia. Kile kioo kilikuwa ukutani, kitupu.

Alikuwa ameletewa uji. Akanisogezea kikombe. "Nionjee. Mimi ni msumari tu."

Nikaonja. Sikumeza haraka. "Umeungua chini," nikasema. "Na maji ni ya kisima."

"Nimesikia!" mkaza mwana akaita kutoka nyuma ya pazia. "Kesho mjipikie!"

Mpishi akacheka bila sauti, mabega tu. "Kumbe ulimi ulirudi."

Nilikiweka kikombe chini. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye homa. Nilimwambia yote, maji, mlango, kile kikombe. Alinisikiliza akiangalia dirisha.

"Nilijua," akasema. "Niliona povu la pipa halikuwa lile la siku zote. Na ulimeza haraka."

"Ulijua kabla ya kuwapa?"

"Kabla."

"Sasa kwa nini ukawapa, Mama? Si ungesema ngojeni?"

Mikono yake ikatulia. "Nilikuwa nimesema mbele ya watu, wewe ukisema, ni mimi nimesema. Nikukane? Mbele ya wageni?" Akaniangalia usoni. "Mtu mmoja wa nyumba yako nilishamnyima kikombe, mama Nekesa. Sikutaka kuwa na wa pili."

Hapo ndipo nilipomwambia kile ambacho sikumwambia kwenye matanga, kwamba hata mimi ningemnyima mume wangu siku ile. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo kutoka kwa mwingine, au aliyeutua, sijui.

Kisha utulivu ukamwisha. Alitupa blanketi pembeni, akakumbuka mguu, akalirudisha. "Yule msichana anafikiri ni mkono wangu."

"Ndiyo."

"Basi nenda Lanet umwambie ni maji. Sitaki kazi, sasa nitafanyia wapi, na mguu huu. Lakini asiseme ni mkono."

"Nitaenda kesho."

"Jua bado liko." Akaangalia nje, kona ya huku, kona ya kule. "Utamwambia nini? Sema nisikie."

Nikasimama katikati ya chumba kama nilivyokuwa nikisimama mlangoni. Nikasema, "Maji yalikuwa ya magadi ulimi wangu ulikuwa umekufa na nilijua umekufa nikasema imekubali."

Mpishi akafumba macho. Mkaza mwana alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Rudia," akasema. "Na usimeze haraka."